Ufundi wa Kujibu

Ukishuka matatu kwenye njia panda ya Watamu, umefika Gede. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu ya hapo mwaka 1948, aliandika Gedi, na hadi leo tahajia zote mbili zinaishi. Mwenyeji hapotei. Kompyuta hupotea: kwake herufi moja ikigeuka, pahali pamegeuka.

Hilo nilionyeshwa na mtu ambaye sijapata kumwona uso. Nilikuwa nimetunga kifurushi kidogo cha programu huria, kwa lugha ya R, cha kuoanisha majina ya zahanati na maeneo yake. Kazi yenyewe inajulikana huku kwetu. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, mpango ulioanzia Kilifi mwaka 1989, walichapisha mwaka 2019 pamoja na wenzao orodha ya vituo vya afya vya umma 98,745 vya Afrika kusini mwa Sahara. Anayejua jinsi karani mmoja anavyoandika jina na mwenzake anavyoliandika, ataelewa kuna jasho gani ndani ya orodha kama hiyo.

Mtu huyo, mhakiki wa kifurushi changu, aliupitia msimbo wangu mstari kwa mstari. Maoni yake ya tatu yalikuwa swali: Malindi ipi? Alikuwa ameipa programu yangu mtaa wa Malindi wa mjini Unguja, nayo ikaurusha hadi Malindi ya Kilifi bila kusita.

Jibu langu la kwanza niliandika usiku, na lilikuwa na ndimi za moto. Nashukuru umeme ulikatika.

Asubuhi nilianza upya, na hapo ndipo nilipoanza kuupenda ufundi huu. Kabla ya kujibu neno, nilirudia kosa kwa mkono wangu hadi nikaliona. Kisha nikaandika jaribio ambalo lazima lishindwe: Malindi ya Unguja ikitua Kenya, taa nyekundu. Ndipo nikarekebisha, nchi ikatangulia jina, na taa ikawa kijani. Jibu lenyewe likawa sentensi mbili na kiungo cha badiliko. “Nimerekebisha” peke yake ni ahadi tu. Jaribio ni shahidi.

Maoni mengine yalikuwa ya haki lakini madogo, nikayamaliza kabla ya chai. Moja nililikataa. Alitaka Gede na Gedi ziwe tahajia moja. Nilimweleza kwamba daftari kuukuu likisema Gedi, hatuna ruhusa ya kulisahihisha kimyakimya; nikaongeza safu ya majina mbadala, zote mbili zikakaa. Kukataa kwa sababu ni sehemu ya heshima. Anayekubali kila kitu hajasoma.

Adabu hii niliijua kwa kusoma majibu ya wengine. rOpenSci, kundi lililoanza mwaka 2011, huhakiki vifurushi vya R hadharani, kwa kawaida kwa wahakiki wawili, na watunzi wengi huyaingiza majina ya wahakiki wao ndani ya kifurushi chenyewe. Nilipoiona desturi hiyo nikawakumbuka watunzi wa tenzi wa pwani hii. Wengi wao, wakifika beti za mwisho, hujitaja jina, kisha humwomba msomaji atakayeona kosa alitengeneze. Kuomba kusahihishwa, basi, hatukufundishwa na kompyuta. Ila mtunzi wa utenzi hakulazimika kumjibu kila aliyemsahihisha, nami namwonea gere kidogo kwa hilo.

Kifurushi kiko wazi, na jina la mhakiki wangu liko chini ya langu. Ukikiendesha ukakuta zahanati ya Ganze imeangukia Magarini, niandikie.