Mavazi na Mapambo katika Mchezo wa Mabepari wa Venisi

Jina la kitabu ni mlango wake. Shakespeare aliuita mchezo wake kwa jina la mfanyi biashara mmoja wa Venisi; Mwalimu Julius Nyerere, alipoufasiri kwa Kiswahili, aliuita Mabepari wa Venisi. Tafsiri hiyo ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1969, miaka 2 baada ya Azimio la Arusha. Mmoja amekuwa wengi, na biashara imekuwa ubepari. Mwalimu wa Musoma, Bunda au Butiama atakaye kuuonyesha mchezo huu pamoja na wanafunzi wake hana budi kulitafakari jina hilo kabla hajakata kitambaa wala kupigilia msumari. Maana mavazi, mapambo, taa na tangazo ni ufafanuzi wa maneno, na ufafanuzi waweza kuyapotoa.

Tuanze na mavazi, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari. Desturi ya zamani huko Uingereza ilikuwa kumvika Shylock, Myahudi mkopesha fedha, ndevu nyekundu, ili watu wamcheke kabla hajanena neno. Mwaka 1814, mjini London, Edmund Kean alitokea na ndevu nyeusi, akamwonyesha kuwa mtu mwenye uchungu, na watazamaji wakastaajabu. Lakini mwaka 1943, mjini Vienna chini ya utawala wa Wanazi, Werner Krauss alimpa Shylock sura ya kuchukiza makusudi, wakati ule ule Wayahudi wa Ulaya walipokuwa wakiuawa kwa mamilioni. Nguo na rangi za uso zilifanywa watumishi wa chuki.

Kwetu mtego u mahali pengine. Wanafunzi wakiachwa wachague wenyewe, huenda wakamvika Shylock kama mwenye duka wa Kihindi au wa Kiarabu, ili wenzao wacheke. Kicheko hicho hakimhusu Shylock; chamhusu jirani, na huenda mtoto wa jirani huyo ameketi safu ya mbele.

Yafaa tukumbuke habari za Venisi yenyewe. Mwaka 1516 wenye mji waliwatenga Wayahudi katika mtaa mmoja uliofungwa milango usiku, na sheria ikawashurutisha wavae alama ya rangi ili watambulikane. Basi wafanyi biashara wote na wavae joho la namna moja, la merikani iliyotiwa rangi, na Shylock aongezewe kofia ya manjano tu. Hapo mtazamaji ataona kwamba tofauti yake imewekwa na sheria, si na maumbile. Bassanio naye aingie na joho lililochakaa. Akiisha kuzipata zile dukati 3,000 za mkopo, aende Belmont na vazi jipya. Hivyo deni litaonekana mgongoni mwake. Tena, mwisho wa baraza, Shylock aamriwapo awe Mkristo, asivikwe vazi jeupe kana kwamba ni sikukuu. Sisi tufundishao dini twajua kuwa imani haishurutishwi. Atoke na joho lake lile lile, wala pasiwepo ngoma wala vigelegele.

Kwa mapambo, meza moja yatosha. Venisi, ni meza ya mapatano. Belmont, huwekwa juu yake makasha 3, la dhahabu, la fedha na la risasi. Katika baraza, ni meza ya hukumu. Meza isipobadilishwa, watu watatambua wenyewe kwamba kote huko mwanadamu anapimwa kwa mali. Lakini mizani isiwe ya karatasi. Bunda ni nchi ya pamba, na mkulima wa huko aijua mizani kuliko ajuavyo kitabu. Ajua jinsi mkono wa mnunuzi uwezavyo kuilemea. Mizani ya kweli ikitiwa mezani, watu watanyamaza pasipo kuambiwa. Nayo ibaki pale hata Shylock akiisha kutoka, kwa maana yeye mwenyewe amewakumbusha mabwana wale kuwa wana watumwa waliowanunua, wala hao hawajapimwa.

Katika habari ya taa, shule isiyo na umeme isivunjike moyo. Michezo ya Shakespeare ilichezwa mchana katika nyumba iliyo wazi juu, na usiku wake umo katika maneno. Kwetu Mara jua hukuchwa karibu saa 1 jioni mwaka mzima. Mchezo ukianza saa 10 alasiri, baraza litafanyika mchana, na sehemu ya mwisho, ambayo ni ya usiku wenye mbalamwezi huko Belmont, itaangukia magharibi. Watazamaji na wakae wakilipa jua mgongo, ili nuru iangukie nyuso za wachezaji. Siku ikichaguliwa ya mwezi mpevu, mwezi utachomoza nyuma ya wachezaji jua likizama. Karabai 2 zitamaliza kazi iliyobaki.

Tangazo ndilo pazia la kwanza. Libandikwe sokoni na mwaloni, lisomwe baada ya ibada, wala lisichorwe mtu mwenye kisu na pua ndefu; achorwe nani, ikiwa mabepari ni wengi? Ichorwe mizani. Huko Butiama, alikozaliwa Mwalimu mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, na huko Musoma, alikoanza shule ya Mwisenge mwaka 1934, kuna kishawishi cha kujaza karatasi nzima kwa picha yake. Jina lake na liandikwe wazi kwamba ni mfasiri, na picha iachwe. Mfasiri huheshimiwa maneno yake yanaposikiwa. Basi siku nyingi za maandalio zitumiwe kuwafundisha wanafunzi kuyatamka, na siku chache zitumiwe kushona.