Mbegha na Sheria ya Vigego: Kukisoma Tena Kitabu cha Habari za Wakilindi

Katika vitabu vilivyotoka katika mitambo ya Misheni huko Magila, hakuna kilichosomwa kwa furaha zaidi katika nchi zetu kuliko Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Sehemu zake zilichapwa moja baada ya moja kati ya mwaka 1895 na 1907, na mwaka 1962 J. W. T. Allen akakitoa upya, kitabu kizima. Mwandishi alikuwa Mwislamu, mtu aliyekaa kwa Semboja huko Mazinde akayajua mambo ya Wakilindi kwa macho yake, kisha akawa liwali wa Tanga wakati wa Wadachi. Mwislamu ameandika, Wakristo wamechapa, na watu wa dini zote wamesoma. Hili peke yake latosha kukipa kitabu heshima.

Walakini heshima ya kitabu si kukisifu tu, bali kukiuliza maswali. Swali letu sisi lilianzia Kwamsisi, katika darasa la watu wazima. Jioni moja tulikuwa tukiwasomea habari za Mbegha tangu mwanzo wake. Tulipofika mahali alipofanywa mfalme, bibi mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango akauliza, "Mwalimu, na alipokwisha kuwa mfalme, vigego walipona?" Tukageuza karatasi mbele, tukageuza nyuma, tusiwe na la kumjibu.

Maana ya swali lile ni hii. Mbegha, mtu wa Nguu, alikuwa kigego. Yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota kabla ya yale ya chini. Kwa desturi ya wazee wetu mtoto wa namna hiyo hakuachwa hai, kwa kuwa ilisadikiwa kwamba akikua atawamaliza jamaa zake. Mbegha aliachwa kwa sababu wazazi wake walikuwa watu wakubwa, nao walimpenda. Wazazi walipokufa, jamaa walimnyima urithi, wakamtwika kila msiba uliotokea katika ukoo. Akakimbilia Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkubwa wa mji. Huyo naye akauawa na nguruwe mwitu walipokuwa wakiwinda pamoja, basi Mbegha akakimbia tena pamoja na wenzake na mbwa wake, hata akapanda milima ya Usambara.

Huko juu mambo yakageuka. Nguruwe walikuwa wakiharibu mashamba, na Mbegha alikuwa fundi wa kuwawinda. Akawapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Wenye ugomvi wakamwendea, naye akawapatanisha. Hapo waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sifa zake zikaenea hata Bumbuli na Vugha. Wazee wa Vugha wakamwita, akaua simba, akaketi juu ya ngozi yake, na tangu siku hiyo mfalme wa Usambara akaamkiwa kwa jina la simba. Habari hizi huwekwa katika karne ya 18.

Wasomaji wetu wengi, makasisi kwa waalimu, wamejifunza chuoni habari za mfalme mwingine aliyepokea wageni na kutunga sheria: Ethelbert, mfalme wa Kent katika Uingereza. Mwaka 597 Augustine alipofika kutoka Rumi, Ethelbert alitoka kwenda kuonana naye katika kisiwa cha Thanet, akakataa kuketi naye chini ya dari, kwa kuogopa uchawi. Wazee wa Vugha wangalimwelewa vizuri. Mkewe, Bertha, alikuwa Mkristo tangu kwao, na baadaye mfalme mwenyewe akabatizwa. Kisha, kama aandikavyo Bede katika kitabu alichokimaliza mwaka 731, Ethelbert aliweka hukumu kwa mfano wa Warumi, kwa shauri la wenye hekima wake, zikaandikwa kwa lugha ya watu wake. Hizo ndizo sheria za kwanza kuandikwa kwa Kiingereza. Ethelbert alifariki mwaka 616.

Twamleta Ethelbert hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwajibu wale wasemao kwamba kitabu cha Abdallah ni hadithi tu, hakifai kupewa jina la tarikh, kwa kuwa habari za Mbegha ziliandikwa zaidi ya miaka mia baada yake. Sheria za Ethelbert nazo tunazijua kwa njia ya kitabu kimoja tu, kilichonakiliwa huko Rochester katika karne ya 12, miaka mia tano baada ya mfalme. Twakubali kwamba kunakili maandiko si sawa na kupokea maneno mdomoni. Maneno ya mdomo huongezwa chumvi, na simba wa Mbegha huenda amenona kila aliposimuliwa. Lakini mtu asiyetia shaka katika karatasi za Rochester hana haki ya kuyatupa masimulizi ya wazee wa Vugha bila kuyapima. Yote mawili ni amana iliyopita katika mikono mingi.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Katika Kent na katika Usambara twaona ya kuwa mfalme hakuiumba sheria. Aliikuta. Kwa Ethelbert karibu kila neno ni dia na fidia, mambo waliyoyajua watu tangu zamani: mtu huru akiuawa, shilingi 100, shilingi 20 zilipwe kaburi likiwa bado wazi, na zilizobaki katika siku 40. Jicho shilingi 50, mguu 50, sikio likikatwa 12, kidole gumba 20, ukucha wake 3, na kila jino katika yale manne ya mbele 6. Na muuaji akikimbia nchi, jamaa zake walipe nusu. Mzee yeyote wa Handeni aliyepata kuketi barazani kuamua kesi ya damu ataona njia ni ile ile, ingawa mali ni nyingine: ukoo hulipa, ukoo hulipwa, na shabaha ni kuzuia kisasi.

Na hapa yatupasa kulisahihisha neno moja lisemwalo mara nyingi madarasani, ya kwamba Wazigua hawakuwa na sheria kwa kuwa hawakuwa na mfalme mmoja. Kutokuwa na mfalme ni kweli. Kutokuwa na sheria si kweli. Mbegha hakukuta watu wasio na hukumu huko Usambara, na hakutoka kwa watu wasio na hukumu huko Nguu. Kilichomfukuza kwao kilikuwa sheria yenyewe.

Basi mfalme aliongeza nini? Kwa Ethelbert twaliona ongezeko katika neno la kwanza kabisa: mali ya Mungu na ya Kanisa ikiibwa, mwizi alipe mara 12, ya askofu mara 11, ya kasisi mara 9, ya shemasi mara 6. Mali ya mfalme mwenyewe ni mara 9. Yaani mfalme alimweka askofu juu yake, na kasisi sawa naye. Sisi watu wa Misheni twapenda kulisoma neno hili, kwa kuwa laonyesha jinsi imani mpya ilivyopewa kiti cha mbele. Lakini tusiishie hapo. Tushuke mistari michache tu. Twakuta watumwa wa kike wa mfalme wamepangwa kwa madaraja: mtu akilala na msichana wa mfalme, alipe shilingi 50, akiwa ni mtumwa wa kusaga nafaka, 25, na wa daraja la tatu, 12. Fidia yenyewe hulipwa mfalme, wala si mwanamke. Injili imeingia kwa mlango wa mbele, ikakaribishwa kitini, lakini kule nyuma kwenye jiwe la kusagia haijafika.

Kwa Mbegha ni vivyo hivyo. Ongezeko lake ni kubwa, wala hatulidharau. Mahali penye koo nyingi zisizo na mwamuzi wa kuzipatanisha, alileta mwamuzi mmoja. Palipokuwa na woga wa mnyama na wa adui, alileta usalama. Washambaa wenyewe wana maneno mawili ya kumpimia mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru. Mbegha aliiponya nchi. Hata alipokufa, wazee waliificha mauti yake mpaka mwanawe Shebughe alipoletwa kutoka Bumbuli, ili nchi isikae hata siku moja bila mponyaji. Lakini sheria iliyomtafuta yeye mwenyewe akiwa mtoto hakuifuta. Mwandishi hatuonyeshi siku ambayo mfalme aliyekuwa kigego aliamuru vigego waishi. Na desturi ile iliendelea katika milima hiyo hiyo hata siku za Misheni. Mtu mmoja aliponea kwa upendo wa wazazi wake, akapata ufalme, na mlango aliopitia ukafungwa nyuma yake.

Hili ndilo twaliona kuwa upungufu wa kitabu, na tena ndilo fundisho lake. Abdallah huanza na kigego kwa sababu ni mwanzo mzuri wa hadithi, kisha humsahau. Wala hakulaumu. Amekaa mno katika baraza za wakubwa, na mambo mengi ayatazama kutoka mahali walipoketi wao. Walakini yu mkweli, na ukweli wake humshinda hata mapenzi yake. Sehemu za baadaye za kitabu zaonyesha wazi yaliyotokea pale sheria ilipowabana watu wa chini isiwabane wakubwa. Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862, na mjukuu wake Shekulwavu akatawazwa Vugha. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa chini Mazinde, kando ya njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana kwa kubadilishana na watu. Vita vikawa vya Wakilindi wao kwa wao. Wala sisi wa Uzigua tusijitoe, kwani askari wa Kizigua walikuwamo katika jeshi la Semboja. Na Wabondei, walipochoka kuona watoto wao wakichukuliwa na kuuzwa na Wakilindi, waliwaondokea kwa vita viitwavyo Kiva, mwishoni mwa miaka ya 1860. Husemwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa Wakilindi ulikuwa na meno upande mmoja tu, na kwa hiyo ulikwama.

Mtu aweza kutuambia kwamba si haki kumdai mfalme wa zamani mambo ya leo. Twajibu kwamba kipimo hiki hatukukitoa katika siku zetu. Tumekitoa katika maisha ya Mbegha mwenyewe. Yeye alijua, kuliko mtu yeyote katika Usambara, kwamba kigego hali jamaa zake. Ushahidi ulikuwa mwili wake. Mfalme asiyejua dhuluma ya sheria twaweza kumwachilia. Aliyeionja na kuiacha ikae, yeye twaweza kumwuliza. Na Ethelbert, aliyesikia ya kuwa katika Kristo hapana mtumwa wala mtu huru, naye aulizwe.

Kwa hiyo twawasihi waalimu wenzetu wasikiache kitabu hiki, bali wakisome kwa namna nyingine. Tumezoea kuwafundisha watoto mtunga sheria kwa kutazama neno lake la kwanza: mfalme amemheshimu nani, amemweka nani juu. Afadhali tuwafundishe kutazama neno la mwisho: nani yuko chini kabisa, na sheria imemfanyia nini. Kipimo hicho chawafaa wafalme wa Kent na wa Vugha sawasawa. Chafaa pia sheria ndogo tunazozitunga wenyewe, za shule na za parokia, ambazo mara nyingi huanza kwa kulinda mali ya Kanisa na heshima ya mwalimu, zikamkumbuka mtoto wa mjane kwenye mstari wa mwisho, kama zikimkumbuka. Sisi tulizisoma upya sheria za shule yetu baada ya jioni ile, tukaona haya.

Kuhusu yule bibi, tulimjibu siku ya pili kwamba vigego hawakupona kwa amri ya Mbegha. Hakushangaa. Akatuambia kwamba mamaye alizaa mtoto kabla yake, meno ya juu yakatangulia, na mtoto yule hakutajwa tena nyumbani mwao. Hata jina lake yeye hakuambiwa. Kisha akasema, "Endelea kusoma, mwalimu." Tukaendelea.