Daraja la Mikono Mitupu

Jioni moja ufukweni Rumonge, kwetu Burundi, ndagala (dagaa) zilizoanikwa mchangani zikiwa zimekwisha kuzolewa, nilimwona binti wa miaka tisa hivi akicheza peke yake. Alikuwa amefunga ukanda wa kitenge kikuukuu kwenye kijiti, anauzungusha kwa kifundo cha mkono hadi ukajikunja pete baada ya pete. Kila ncha ya kitambaa ilipogusa mchanga alisimama, akarudi pale alipoanzia, akaanza upya. Hakuna aliyemwambia kwamba kugusa chini ni kosa.

Na ni kosa kweli. Katika jimnastiki ya midundo, utepe wa wanawake wakubwa haupungui mita 6, wa vijana mita 5, na ncha ikisahaulika sakafuni majaji hukata alama. Ukifunga fundo, hukata tena.

Ninachoupendea mchezo huu ni namna unavyopandwa. Mara nyingi mtoto huanzia mikono mitupu, bila kifaa chochote: kusimama kwa ncha za vidole vya miguu, kuruka, kuzunguka, kutulia. Kisha hupewa kifaa kimoja, baadaye cha pili. Katika madaraja ya chini ya nchi nyingi, onyesho hupangwa na shirikisho, na wote hulicheza lile lile kwa muziki ule ule, hivyo kinachopimwa ni usafi tu. Akipanda zaidi, kocha wake humtungia onyesho lake mwenyewe. Mwaka anaotimiza 13 anahesabiwa kijana katika mashindano ya kimataifa. Mwaka anaotimiza 16 anaingia kwa wakubwa, na huko kuna vifaa vinne: duara, mpira, virungu na utepe. Kila onyesho la mtu mmoja lina sekunde 75 hadi 90, juu ya zulia la mita 13 kwa 13.

Tazama mpira. Haushikwi, hubebwa; vidole vikiukamata, alama zimepungua. Unakaa juu ya kiganja kilicho wazi, unateremka mkononi, unapita kifuani hadi mkono wa pili, bila kudunda hata mara moja. Halafu mchezaji anaurusha juu, anajizungusha mara mbili chini yake bila kuutazama, na kuupokea unaposhuka.

Hapo ndipo hekima ya madaraja inapoonekana. Alama za ugumu hazina kikomo: anayeweza kuongeza, aongeze. Alama za utekelezaji na za sanaa zina ukomo, kumi kila moja, na kila goti lililopinda na kila mguu uliolegea huzipunguza. Bingwa wa dunia anakatwa kwa kosa lile lile analokatwa mtoto wa daraja la kwanza. Anapanda akiwa amelibeba daraja hilo hadi juu, na siku akilitua anaanguka.

Sisi Warundi tunaijua elimu hii kwa jina jingine. Ngoma zetu, ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 2014, hupangwa nusu duara, idadi yake witiri, na ngoma ya inkiranya katikati. Ngoma za amashakwe hushika mdundo usiokatika. Ngoma za ibishikizo huifuata inkiranya. Mpigaji hutoka mstarini, hucheza mbele ya inkiranya, huruka magoti yakifika kifuani, na miguu yake lazima itue pamoja na mdundo. Akimaliza anarudi nafasini na kuushika mdundo ule ule wa kawaida ili mwenzake naye aruke. Hakuna jaji mwenye karatasi, lakini akiteleza nusu ya pigo, uwanja mzima umejua.

Jimnastiki ya midundo iliingia Olimpiki mwaka 1984, nayo ni ya wanawake peke yao. Mashindano ya vikundi yaliongezwa Atlanta mwaka 1996. Ngoma nayo, kwa amri ya Oktoba 2017, hupigwa na wanaume tu. Basi yule binti wa kitenge ngoma amefungiwa, na utepe haujamfikia. Linaniuma hilo, kwa sababu nidhamu ya kurudi mwanzo kila anapokosea, ambayo makocha hutumia miaka kuifundisha, yeye anayo tayari.

Walimu wa shule zetu kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, daraja la kwanza halihitaji zulia wala fedha za kununulia vifaa. Linahitaji uwanja tambarare, mtu wa kuhesabu mdundo, na saa moja baada ya masomo. Anzeni nalo. Mwanafunzi wa kwanza mtamkuta ufukweni, ndagala zikishaanuliwa.