Kikonyo Kisicho na Mizizi

Chipukizi la kahawa likishakatwa, linaanza kufa papo hapo. Majani yanaendelea kutoa maji hewani vilevile, ila hakuna tena mzizi wa kuyaleta. Kazi ya mtunza kitalu ni kukiweka hai kipande hicho, yaani kikonyo, wiki baada ya wiki mpaka kiote mizizi yake chenyewe. Katika kilimo chote sijaona ufundi ninaouheshimu kuliko huu, na mahali pa kuusifia ni hapa Kisangani, maana kahawa ya robusta ni mwenyeji wa misitu yetu.

Mbelgiji Émile Laurent aliikuta upande wa Lomami mwishoni mwa karne ya 19. Nyumba ya biashara ya mimea ya Linden, mjini Brussels, ikaipa jina la robusta na kuiingiza sokoni, na mwaka 1901 ikafika Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imekwisha kuharibu mashamba ya arabika. Leo robusta ni kama asilimia 40 ya kahawa yote ya dunia. Wahaya wa Kagera na Waganda, kwa upande wao, walikuwa wakiitafuna kavu tangu zamani, bila kungoja jina la Brussels.

Kwa nini tusisie mbegu tu, tukapumzika? Arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu yake hurudi karibu na mama. Robusta haiipokei chavua yake. Lazima ipate ya mti mwingine. Kila mbegu yake basi ina baba wa kubahatisha, na ndugu wa tunda moja wanaweza kupishana kabisa: mmoja akazaa sana, mwingine akanyauka wa kwanza. Jambo hilo si dogo kwetu. Ugonjwa wa mnyauko, unaoletwa na kuvu aitwaye Fusarium xylarioides, uliwahi kuteketeza mashamba ya Kongo, ukatulia, kisha ukarudi, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda. Unaziba njia za maji ndani ya shina, mti unakauka ukiwa bado na matunda. Katikati ya shamba lililokufa husimama mti mmoja mzima. Ukitaka kuuokoa mti huo, wenyewe hasa wala si mtoto wake, njia ni kisu. Ndivyo walivyofanya Waganda: aina zao za KR zinazostahimili mnyauko, zilizotoka katika kituo cha Kituza, Mukono, huzalishwa kwa vikonyo.

Na ndivyo Yangambi, kilomita kama 100 ukishuka mto kutoka hapa, ilivyojenga hazina yake. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya huko Yangambi, ilianzishwa mwaka 1933, leo ni INERA, na miti ya kahawa iliyokusanywa na kuchaguliwa kule haiwezi kufungiwa kabatini. Mbegu ya kahawa haivumilii kuhifadhiwa miaka mingi kama mpunga. Mti unaozeeka lazima ukatwe vikonyo kabla haujafa, vinginevyo umekwenda. Kwa hiyo kila mti wa zamani uliobaki kule una nyuma yake mtu aliyekuja kazini na kisu kikali, hata katika miaka ambayo mshahara haukuja naye.

Tazama mkono wake. Hachukui tawi la pembeni linalozaa. Kikonyo cha tawi hilo kitaota, lakini kitatambaa kando maisha yake yote, hakitasimama kuwa mti. Anataka chipukizi linalokwenda juu. Ili apate mengi, katika bustani mama ameinamisha mashina mpaka karibu na ardhi, na macho yaliyolala yameamka. Analipima kwa vidole: likiwa laini mno litaoza, likiwa limeanza kuwa na gome la kahawia litachelewa. Anakata pingili yenye jozi ya majani, anapunguza kila jani mpaka libaki nusu au theluthi. Hapo ndipo ninapomstaajabia. Jani zima litakausha kikonyo, lakini kikonyo bila jani hakina wa kukilisha, maana sukari itakayojenga mzizi inapikwa na kijani hicho kidogo kilichobaki. Anaacha kiasi kile kile kinachoweza kulipwa. Kisha anakata chini kwa mshazari, anatumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji kisipate upepo, na kukichomeka katika mchanga uliochanganywa na unga wa mbao uliooza.

Juu anafunika nailoni, na juu zaidi kivuli cha majani ya mchikichi. Wageni wengi hudhani sasa kazi ni kumwagilia. Udongo ukilowa mno, kitako kinakuwa cheusi. Maji yanayohitajika ni yale ya hewani: asubuhi nailoni iwe na matone upande wa ndani, na ikikauka, ina tundu, litafutwe. Jua likipenya moja kwa moja, ndani panapika. Kivuli kikizidi, jani halitengenezi chakula. Kisangani hewa yenyewe imetufanyia nusu ya kazi, na ni hasara kubwa kwamba vitalu vyetu ni vichache kiasi hiki.

Mzizi ukitoka, baada ya miezi miwili au mitatu, mche unahamia kwenye sashe, yaani mfuko wa plastiki wenye udongo, na nailoni inafunguliwa kidogo kidogo ili majani yajifunze ukavu. Wengi hapa huharakisha, wakapoteza kwa siku moja ya jua walichokilea msimu mzima.

Limebaki jambo la vibao. Miche yote ya mti mama mmoja ni mti ule ule, na robusta, nimesema, haijichavushi. Shamba la mama mmoja litachanua vizuri lote, halafu litazaa haba. Ndiyo maana mtunza kitalu mwema hachanganyi masanduku yake, anaandika jina la kila mama, na humuuzia mkulima miche ya mama kadhaa ili aipange kwa mistari inayopishana. Ukienda kununua miche kwa ajili ya mvua za Septemba, uliza imetoka kwa mama wangapi. Akikujibu bila kutazama kibao, nenda kitalu kingine.