Wenye Kuwasha Moto Darasani

Ualimu una mafundi wake. Ninaowastahi kuliko wote ni wale wanaothubutu kuwasha moto mbele ya watoto.

Mmoja wao hufundisha Yeoville, Johannesburg, kwenye darasa ambalo Kiswahili cha Kongo na Kizulu hukaa dawati moja. Aligawa mishumaa, foili, vipande vya wavu wa shaba, na nati zilizogandishwa kwenye vijiti kwa gundi ya kuyeyusha. Tengenezeni ngao ya kukinga joto la chombo cha anga, akasema. Gundi ikiyeyuka nati ikadondoka, chombo kimeungua na watu wamo ndani.

Kikundi kimoja kilikunja foili tabaka juu ya tabaka, kikazibana sawasawa. Nati ikadondoka upesi. Mwalimu akanyamaza, na hapo ndipo ulipo ufundi wake. Binti mmoja akazikunjua zile tabaka, akapachika wavu katikati ili hewa ipate nafasi. Safari hii nati ilikaa. Ndipo mwalimu alipowasimulia vigae vya silika vya chombo cha anga cha Space Shuttle, ambavyo zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ulikuwa hewa tupu.

Joto lenyewe, chombo kinaporudi duniani, linatoka wapi? Msuguano, wakajibu wote. Akaleta pampu ya baiskeli, akaziba tundu kwa kidole, akawaambia wasukume kisha waishike. Hewa ikibanwa hupata moto. Na chombo kinachotoka mwezini huibana kwa kasi ya karibu kilomita 40,000 kwa saa.

Hakuwaficha habari ya Columbia, mojawapo ya Space Shuttle hizo. Januari 2003, wakati wa kuruka, kipande cha povu la tangi la mafuta kilitoboa ubawa wa kushoto. Tarehe 1 Februari, chombo kikirudi, hewa ya moto ilipenya humo, wakafa watu saba. Wapo watakaosema ni nzito kwa watoto. Mimi naona bila hiyo, nati ni mchezo tu.

Na habari za anga si ngeni hapa: kaskazini-magharibi ya Johannesburg, huko Hartebeesthoek, kituo kilichojengwa na NASA mwaka 1961 kilipokea picha za Mars kutoka chombo cha Mariner 4 mwaka 1965. Wakati huohuo sheria ya elimu ya Wabantu ya 1953 ilikuwa imempangia mtoto mweusi wa Soweto masomo ya kumtayarisha awe kibarua. Sasa mtoto wa Soweto na mwenzake wa Bukavu, Kongo, wanabishania unene wa ngao, na mwalimu anawaacha wabishane.