Nezha na Baba Yake: Ngano Moja, Hukumu Mbili

Katika filamu ya katuni iliyotengenezwa Shanghai mwaka 1979, mtoto Nezha anamuua mwana wa mfalme wa majoka. Majoka yanapotishia kuugharikisha mji, baba hamtetei mwanawe; Nezha anajiua kwa upanga ili watu wapone. Filamu ya Jiaozi ya mwaka 2019 yaigeuza hukumu: baba yu tayari kufa badala ya mwanawe. Msiba umepungua uzito, lakini ngano haikuharibiwa. Kila kizazi huwauliza wazazi wake swali jipya. Basi mwalimu wa Mwakiro anayesimulia visa vya Samandari, mjanja wa ngano za Kirundi, awaachie wanafunzi waubuni mwisho mwingine kwa Kiswahili, kisha waeleze sababu ya kuubadili.