Ufundi wa Kilobaiti 16

Mchezo wa Jetpac hauna mengi. Mwanaanga mwenye injini mgongoni anaruka huku na huko, anaokota vipande vya roketi yake, anavipanga kimoja juu ya kingine, anaijaza mafuta na kuondoka. Viumbe wa sayari ile wanamjia bila kukoma, naye anawafyatulia risasi za mwanga. Basi. Mchezo huu ulitoka Uingereza mwaka 1983, na hadi leo ukiucheza vidole vinakataa kuacha.

Waliouunda ni ndugu wawili, Chris na Tim Stamper, wa kampuni ndogo iliyojiita Ultimate Play the Game. Makao yao hayakuwa London bali Ashby-de-la-Zouch, mji mdogo wa Leicestershire. Chris aliandika programu, Tim alichora. Kabla ya hapo walikuwa mafundi wa zile mashine kubwa za michezo zinazomeza sarafu, na nadhani huko ndiko walikojifunza kwamba mchezaji asiponaswa mapema, sarafu ya pili haitoki mfukoni.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ZX Spectrum ya Sinclair, iliyoingia madukani mwaka 1982. Ile ya bei nafuu ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, yaani baiti 16,384. Picha ya kwenye kioo peke yake ilikula 6,912. Kilichosalia, pungufu ya baiti 9,500, ndicho kilichopaswa kubeba kila kitu: viumbe, roketi, sauti, alama, sheria za mwendo. Ni sawa na fundi cherehani aliyeletewa nusu doti akaambiwa ashone suti. Tena rangi nazo zilikuwa na masharti: kila kiraba kidogo cha kioo kilikubali rangi mbili tu, kwa hiyo vitu vya rangi tofauti vilipokaribiana vilipakana rangi. Jetpac inachezwa kwenye anga jeusi, ambamo aibu hiyo haionekani sana. Uwanja ni kioo kimoja tu, lakini ukitokea kulia unaingilia kushoto, na ghafla ulimwengu ule hauna mwisho. Huo ndio ufundi ninaousifu. Hakuna baiti iliyolala.

Mwaka 1984, kwa mchezo wa Sabre Wulf, walipandisha bei kutoka pauni 5.50 hadi 9.95. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu aliyelipa ghali hataiazima kaseti yake ovyo kwa rafiki wa kuinakili. Mimi hoja hiyo inanichekesha, lakini watu walinunua kweli.

Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaja Knight Lore. Hapa vyumba vilichorwa kwa pembe, vikaonekana vina kina. Shujaa aliweza kupita nyuma ya jiwe na kufichika, kwa sababu programu ilikata kwanza umbo lake kwenye picha ya nyuma, ndipo ikamchora. Kila chumba kilipewa rangi moja, na tatizo la kupakana likaisha. Baadaye Tim alieleza kwamba Knight Lore ilikamilika kabla ya Sabre Wulf, wakaifungia kabatini, maana nani angeinunua Sabre Wulf baada ya kuona ile? Wengi huiita Knight Lore kilele chao. Mimi nasita: vitu vikijaa chumbani, mchezo unakokota miguu, jambo ambalo Jetpac haikuthubutu kumfanyia mchezaji.

Waigaji walijitokeza haraka. Walioiga vizuri zaidi ni Jon Ritman na Bernie Drummond, ambao kwa Head Over Heels ya 1987 waliwapita walimu wao. Lakini walimu walishaondoka darasani. Jina la Ultimate walikuwa wameliuza kwa U.S. Gold, wakaanzisha Rare, na kazi yao ya kwanza huko ilikuwa kuichunguza mashine ya Nintendo kutoka Japani, bila mwongozo, mpaka wakajua inavyofanya kazi.